Namwonea Wivu Mzee Saanane

Anayetafuta kiwanja asiulize kwanza habari za maji, umeme wala hati. Aulize stendi ya mabasi iko wapi, kisha ahamie upande wa pili wa mji. Mimi kiwanja changu cha Nyegezi nimekirithi, na marehemu baba alikinunua enzi ambazo hapa palikuwa na mihogo, mawe na chuo cha uvuvi. Stendi ilikuja baadaye, ikapanuliwa, ikawa stendi kuu, na leo basi la Dar, la Dodoma, la Kigoma, la Geita na la Bukoba yote yanaingia hapo. Basi likiingia, abiria anashuka. Abiria akishuka usiku, anakumbuka kwamba ana ndugu Nyegezi. Ndugu huyo ndiye anayeandika safu hii.

Zamani walikuwa na sababu ya maana. Kwenda Geita au Bukoba kutokea Mwanza ulivuka kwa kivuko cha Kigongo na Busisi, na kivuko kina foleni yake, kina saa zake. Mtu alipiga simu kutoka Shinyanga: "Tumechelewa, kivuko hatutakiwahi, tutalala kwako." Utamjibu nini? Kwa hiyo tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia alipozindua lile daraja la kilomita 3, nadhani katika jiji zima la Mwanza hakuna mtu aliyefurahi kunizidi. Wenzangu walishangilia uchumi wa Kanda ya Ziwa. Mimi nilikuwa kwenye kochi, nimeshika rimoti, napiga hesabu ya sukari. Watu watavuka kwa dakika chache tu! Hakuna tena cha kulala Nyegezi!

Wiki haikuisha, shemeji akapiga simu kutoka Dar.

"Shem, umeona mambo? Sasa hivi hakuna tena presha ya kivuko. Tukija tutakaa kwako tupumzike vizuri, siku yoyote tukijisikia tunavuka."

Niseme jambo moja kuhusu jiografia. Anayetoka Dar kwenda Bukoba anaweza kupita Kahama na Biharamulo, akafika kwao salama, bila kuiona Mwanza hata kwa mbali. Barabara ni ya lami. Nimemtajia shemeji barabara hiyo kila nilipopata nafasi, nikaisifia kama vile nimeijenga mimi. Husikiliza kwa makini sana, husema, "Nitaijaribu safari ijayo," kisha huonekana stendi ya Nyegezi na masanduku, mke na watoto watatu, wameshika miwa ya njiani.

Mwaka huu walimkuta mama mkwe. Mama mkwe alitoka Bukoba kuja kliniki Bugando, kama wanavyokuja wagonjwa wa mikoa yote ya ziwa, maana hospitali ya rufaa ya kanda ndiyo hiyo. Daktari alimpima, akamwambia anaendelea vizuri, arudi baada ya miezi mitatu. Mama mkwe akafikiri, akaona kurudi Bukoba halafu kuja tena ni kuchezea nauli. Mkwe ni mkwe. Mimi kwa mama mkwe sina mdomo. Naamka mapema, nakohoa kabla ya kupita sebuleni, na televisheni yangu mwenyewe naitazamia kwenye kona ya mlango. Taarifa ya habari naisikia, picha siioni.

Ndipo Ijumaa usiku shemeji akasema watoto hawawezi kupita Mwanza bila kuona wanyama. Alitaka Serengeti. Kwa watu wa Dar, Mwanza na Serengeti ni ukuta kwa ukuta. Nikamweleza kwamba geti la Ndabaka lipo, ni kweli, kwenye barabara ya Musoma, lakini ni mwendo wa saa kadhaa na gari la kukodi linahitaji mfuko. Nilipotaja mfuko, alinitazama mimi. Nikapendekeza Jiwe la Bismarck: linaonekana vizuri kutoka barabarani, halina kiingilio, na picha unapiga unavyotaka. Mtoto wake wa mwisho akauliza kama jiwe hilo linatembea. Nikapendekeza ufukwe wa hapa hapa Nyegezi, maana ziwa ni lile lile hata ukilitazamia ukiwa na ndala. Kimya. Mama watoto, ambaye muda wote alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa:

"Tutakwenda Saanane."

Na mchele ule ulikuwa mwingi. Uamuzi ulikuwa umepita kabla ya kikao.

Kwa mgeni: Saanane si muda wa miadi. Ni kisiwa kilichoko kwenye ghuba, mbele ya Capri Point, na jina ni la mtu, Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa mwenye kisiwa hicho. Mwaka 1964 serikali ikakifanya bustani ya wanyama, ya kwanza kumilikiwa na Tanzania. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18, na hapo umeshajumlisha visiwa viwili vingine vidogo na maji yanayovizunguka. Serengeti ni kilomita za mraba 14,763. Ungeweza kuzipanga Saanane zaidi ya 6,700 ndani yake na bado nyumbu wakapata pa kupita. Wenzetu wa Nairobi wana hifadhi yao pembeni mwa jiji tangu 1946, wana vifaru na simba, ni kilomita za mraba 117. Sisi yetu iko majini, na kutoka ufukweni mwa mji unaiona yote kwa jicho moja ukiwa unakula mahindi ya kuchoma. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo njia niliyoitembelea, na sikuwahi kuombwa risiti.

Jumamosi alfajiri jiko liliwaka kana kwamba tunazika. Pilau kwenye hotipoti kubwa. Sato wa kukaanga kwenye hotipoti ndogo. Ndizi za mama mkwe, ambazo haziwezi kuchanganywa na chakula kingine, kwenye sufuria yake iliyofungwa kwa kitambaa. Chupa mbili za chai, karanga, maandazi, mkeka, na kopo la senene ambalo mama mkwe huwa halitoi machoni. Mke wa shemeji akatoa sandukuni mfuko wa rambo aliouficha tangu ulipopigwa marufuku Juni 2019, umekunjwa vizuri kwenye kanga. Nikamwambia kuna sheria, na huko hifadhini ndiko usithubutu. Akaniambia ni kumbukumbu tu. Vyombo vikaishia kwenye ndoo mbili za lita 20, na ndoo zikaishia kwenye mikono yangu, kwa sababu shemeji mgongo wake haujakaa sawa tangu basi la Dar.

Daladala ya Nyegezi kwenda mjini siku ya Jumamosi haina haja ya kuelezwa kwa anayeipanda, na asiyeipanda hataamini. Konda alitutazama, akaitazama mizigo, akasema ndoo zilipe siti. Nikamwambia ndoo hazina makalio. Akasema, "Mzee, basi zipakate." Kwa hiyo nimepita Butimba, nimepita Mkuyuni, nimepita Igogo, nimepakata pilau la moto kwenye mapaja, na juu ya pilau kakaa yule mtoto wa mwisho, akiniuliza kila tukisimama: "Anko, tembo wako hapa?"

Mjini tukachukua bajaji hadi Capri Point. Huku ndiko kwenye nyumba za wakubwa na hoteli, vilima vyenye miti, na mageti ambayo hayafunguki ukigonga. Nikawaza kwamba wakazi wa huku hawapati wageni wa kushtukiza, maana mgeni mwenye ndoo za lita 20 akifika kwenye geti lile, mlinzi ataanza kwa kumuuliza anapeleka wapi biashara yake.

Getini alikuwapo binti mhifadhi, nadhifu, mcheshi, mwenye magwanda yaliyopigwa pasi. Hapo shemeji akapatwa na ugonjwa wa watu wa Dar: akaanza kuzungumza Kiingereza. Nilimkanyaga mguu haraka. Kwenye hifadhi zetu Mtanzania na Mwafrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na mgeni wa mbali hulipa kwa dola. Sikutaka tuingie kwenye kundi lisilo letu kwa sababu ya mtu mmoja aliyesoma Makumbusho. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili cha Kisukuma ambacho hakihitaji kitambulisho, kwamba sisi ni watu wa Nyegezi na familia yetu.

Malipo ya hifadhi hayafanyiki kwa fedha taslimu. Unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu, mambo yanakwisha. Binti alituandalia ile namba kwa dakika moja. Shemeji akatoa simu yake, simu kubwa yenye kamera tatu nyuma, akaiwasha, akaitazama kwa huzuni. Laini yenye hela, akasema, ni ile iliyobaki Dar. Mkewe hela zake ziko benki, na benki inamtaka aweke alama ya kidole, na kidole kina mafuta ya sato. Mama mkwe akatoa kitambaa kutoka kifuani, ndani yake kulikuwa na noti zilizokunjwa tangu mavuno, akaambiwa kwa heshima kwamba hazipokelewi. Akazirudisha, na nina hakika aliridhika kuliko sisi sote. Walionibakia kutazamana nao walikuwa ni mke wangu na simu yangu. Nililipa. Ujumbe wa salio uliporudi nilifumba macho.

Boti ya kwenda kisiwani ni safari fupi, chai haipoi. Mama mkwe alivalishwa jaketi okozi, akataka kukazwa tena, kisha akaketi katikati kabisa, rozari mkononi, uso umetazama mbele. Hapo utani wangu niliuweka mfukoni. Watu wa Bukoba wa rika lake tarehe 21 Mei 1996 hawajaisahau, siku MV Bukoba ilipozama ikija Mwanza na watu kwa mamia ndani yake, na sisi wa Mwanza tuna makaburi yao pale Igoma. Nikakaa upande wake wa upepo. Alipokanyaga mwamba wa Saanane alivua jaketi, akaikunja vizuri, akaniambia, "Asante, mkwe," na kwa sekunde kama tatu hivi sikuwa na malalamiko yoyote.

Yalirudi tulipoanza kutembea. Kwenye hifadhi hii hakuna gari. Watalii wanatembea kwa miguu, wanapanda mawe, na wanaita burudani. Naomba tuelewane. Mwanza nzima imejengwa juu ya mawe. Mkazi wa Igogo au Mabatini anapanda mawe kila jioni kwenda kwake, ana ndoo ya maji kichwani, na hakuna aliyewahi kumpa tiketi wala mwongozaji. Mimi nimelipa kwa simu ili nihemee jiwe lile lile.

Tukaanza na swala. Swala pala wa Saanane hawana haraka. Hakuna mnyama mkubwa wa kuwakimbiza kisiwani, kwa hiyo wamekaa wanatafuna, wanakutazama, wanaendelea kutafuna. Shemeji alinyata, akainama, akajificha nyuma ya kichaka apate picha kama za televisheni. Swala akamsogelea kuona kama anaumwa.

"Anko, tembo?" akauliza wa mwisho.

Binti mhifadhi akachuchumaa mbele yake, akamweleza vizuri. Zamani tembo alikuwapo hapa. Na nyati. Na faru. Pofu, pundamilia, kiboko, sokwe, simba, chui. Bustani ilipoanzishwa watu wa mjini na watoto wa shule walikuja kuwaona, lakini kisiwa kilikuwa pia na kazi ya pili: kuhifadhi kwa muda wanyama waliokuwa wanapelekwa kisiwa cha Rubondo, huko magharibi mwa ziwa. Mnyama aliletwa, akapumzishwa, akalishwa, kisha akasafirishwa.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao watoto wa shule. Tulipangwa mistari miwili, kaptula za kaki, kila mtu na kiazi chake mfukoni, mwalimu ana fimbo ya kuonyeshea wanyama na ya matumizi mengine. Nakumbuka harufu ya vizimba na nakumbuka simba aliyetupa mgongo wakati wote tunaimba. Sikumlaumu. Lakini kwamba pale palikuwa kituo cha kupitia, hilo mwalimu hakutuambia, au alituambia nikiwa natafuna kiazi. Sasa nilisimama pale, ndoo mbili mikononi, na jambo likaniingia taratibu. Tembo alikuja hapa kwa muda. Akala, akanywa, akalala. *Kisha akaondoka.* Kulikuwa na mtu mahali fulani, mwenye daftari, aliyejua tembo huyu anaingia lini na anatoka lini. Faru, pamoja na mwili wote ule na ukali wote ule, hakusema amechoka na safari. Hakusema atavuka siku akijisikia. Nyumba yangu ya Nyegezi inafanya kazi ile ile iliyofanywa na kisiwa hiki, ila bila daftari.

Wa mwisho alikuwa ameanza kulia. Anko alimwahidi tembo. Sikumwahidi, lakini kwenye familia ahadi husambazwa bila idhini ya mwenyewe. Binti mhifadhi, Mungu ambariki, akamshika mkono, akamwonyesha juu ya jiwe mnyama wa kahawia wa ukubwa wa sungura, amekaa anaota jua kwa tumbo, hana shingo, hana mkia, hana wasiwasi.

"Yule ni pimbi. Unajua ndugu yake ni nani? Tembo."

Mtoto akanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na tayari nilikuwa nimefungua mdomo kupinga. Lakini ndivyo wataalamu wanavyosema: ukifuatilia ukoo wa pimbi, jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Meno yake mawili ya juu ya mbele hukua bila kukoma, kama pembe za ndovu, isipokuwa hayana soko. Nikamtazama pimbi, nikamtazama shemeji, ambaye ana nyumba Kigamboni na gari mbili ila laini yenye hela imebaki Dar. Undugu ni jambo la ajabu. Nilimwelewa sana pimbi. Nadhani kila tembo akisafiri, hushukia kwake.

Mama mkwe alikuwa ametangulia. Kijiti hana, magoti anayalalamikia kila jioni sebuleni, lakini kwenye yale mawe alipanda kama binti wa kipaimara, akisimama tu kumsubiri mwanawe mwenye mgongo. Alipendezwa na kima wa De Brazza, yule mwenye ndevu ndefu nyeupe na paji la rangi ya chungwa, aliyepewa jina la mpelelezi wa Kifaransa. Alimtazama kwa muda mrefu, akasema ni katekista wa parokia yao mtupu. Watoto walipendezwa na mijusi: dume ana kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea, kiwiliwili cha bluu, na wageni humwita Spiderman. Kitaalamu ana jina la mji wetu ndani yake, Agama mwanzae. Anakaa kwenye ukuta wangu wa Nyegezi. Watoto wale wale wamempita kila asubuhi wakienda kupiga mswaki, hakuna aliyemtazama. Kisiwani walimpiga picha hadi simu ikaishiwa chaji, na simu hiyo ilikuwa yangu.

Kileleni kuna mandhari. Tulipofika juu, shemeji akanyoosha mikono, akavuta hewa, akasema, "Shem, ona!" Nikaona. Niliona Mwanza. Kule Capri Point, kule vilima vya Igogo na nyumba zilizoshikilia mawe, kule vivuko vya Kamanga vinakwenda na kurudi, na kule nyuma ya vilima Nyegezi, ambako nimeacha kitanda changu. Nimepanda daladala, bajaji na boti, nimelipa kiingilio cha watu tele, ili nitazame nilikotoka. Mama mkwe yeye alitafuta kwa macho, akaliona jengo kubwa juu ya kilima.

"Ile si Bugando?"

"Ndiyo, mama."

Akalitazama kwa heshima. "Bado mwezi na nusu," akasema.

Sikusema neno. Upepo ulikuwa mzuri.

Chakula tuliandaa chini ya mti karibu na maji. Binti mhifadhi alituonya mapema: wanyama hawalishwi, vyombo visiachwe wazi, na tumbili wa hapa wanaijua hotipoti kuliko fundi wa hotipoti. Tuliitikia wote. Shemeji aliitikia kwa sauti kuliko wote, halafu akafunua sato kuangalia kama amepoa. Tumbili hakukimbia. Alikuja kwa mwendo wa mtu aliyealikwa, akamtazama shemeji usoni, akachukua andazi, siyo samaki, akaenda kukaa kwenye tawi na kuanza kulichambua. Mke wa shemeji akapiga kelele. Mama mkwe akalaza viganja viwili juu ya kopo la senene na hakuviondoa hadi tumemaliza kula. Mimi nilikuwa nimekwisha kujipakulia. Ukikaa na wageni mwaka mzima, hilo unajifunza.

Tukiwa tunakunywa chai, binti akarudi, tukamkaribisha pilau, akatushukuru, na mazungumzo yakaja kwa Mzee Saanane. Namfikiria sana huyu mzee. Alikuwa na kisiwa. Alivua, alilima, jioni alikaa juu ya jiwe lake akautazama mji kwa mbali. Aliyetaka kumtembelea ilibidi apige kasia, na mwenye kisiwa anamwona mgeni tangu yuko mtumbwini, anao muda wa kutosha wa kuzima moto na kuingia ndani. Hakukuwa na stendi. Hakukuwa na shemeji wa kusema "tuko hapa nje". Kisha ikaja 1964, kisiwa kikawa cha taifa, wakaja tembo, faru, sokwe na watoto wa shule wenye viazi, yeye akabaki na jina. Sijui mwingine yeyote wa Kanda ya Ziwa aliyewahi kuwa na makazi mazuri kama yale, na hata yeye hayakumdumu.

"Na hao wanyama waliopelekwa Rubondo," nikamuuliza binti, "waliishije?"

Nilikuwa na maana yangu. Akaniambia Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977, na ni kubwa, kama kilomita za mraba 457. Faru hawakudumu, majangili waliwamaliza. Twiga wanastawi. Na sokwe ndio kisa kikubwa: kati ya 1966 na 1969 walipelekwa huko sokwe 17 waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, wamezoea vizimba na kuletewa chakula, hakuna aliyewafundisha kutafuta. Wakaachiwa msituni. Wakajifunza wenyewe, wakajenga viota, wakazaana hadi leo wamekuwa kundi kubwa.

Nikamtazama shemeji. Amezoea kuletewa chakula, lakini bado ni kijana.

"Rubondo," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza neema, "ndiko kuna wanyama wa kweli. Tembo wako huko. Twiga. Sokwe. Hapa tumeonja tu." Wa mwisho akaacha andazi. Nikaendelea. Nikasema boti zake hutokea Kasenda, karibu na Muganza, wilaya ya Chato, na Chato iko upande wa kwenda Bukoba. Unavuka daraja, unapita Geita, uko huko. Ni kama njiani! Kulala kupo huko huko hifadhini. Mtu akitoka Nyegezi asubuhi ya kesho, Jumapili, akiwahi sana, hata misa ataisikia Geita. Nilizungumza vizuri. Sijawahi kuzungumza hivyo tangu siku ya mahari. Binti mhifadhi alikuwa anatabasamu, akaongeza habari za tai mlasamaki na misitu, nikamwitikia kila sentensi. Watoto wakaruka. Mke wa shemeji akasema picha zitatoka. Shemeji akajipapasa mgongo, akauona haumuumi tena.

"Shem," akasema, "umenishawishi. Kesho tunaondoka."

Nikanywa chai yangu yote kwa mkupuo. Ilikuwa ya moto, sikujali. Kule kwenye tawi tumbili alikuwa amemaliza andazi na anatazama chupa.

"Basi mimi nitafunga mizigo leo usiku," mama watoto akasema, akipangusa sahani. "Ile Noah ya jirani inachukua watu wanane, na watoto tunawapakata. Nilishamwambia tangu Alhamisi. Mama naye anataka kuona sokwe, halafu tunarudi naye kabla ya kliniki."

Nilipogeuka, shemeji alikuwa anamuuliza binti kama Rubondo nako wanatumia kontroo namba. Binti akasema ndiyo, ni utaratibu ule ule. Shemeji akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono juu ya mkeka bila kunitazama, na kufungua kiganja, akisubiri nimwekee simu.